Nusu Saa ya Kusema Ndiyo

Katika kila ofisi ya umma yupo mtu mmoja anayejua kwamba jambo lililokwisha kuamuliwa halitafaa. Huenda ni fundi, huenda ni mhasibu, huenda ni mwalimu wa darasa la tatu. Ameupima ukuta, ameisoma hesabu, amewahesabu watoto. Kikaoni huinamia daftari lake, na mwenyekiti anapouliza kama kuna mwenye la ziada, huitikia pamoja na wenzake kwamba hakuna. Jambo linapoharibika huundwa kamati, nayo kamati huenda moja kwa moja kulitafuta kosa la yule aliyekuwa ameshika usukani. Tabia hii ni tawi la umangimeza, lakini jina hilo pekee halitoshi kuieleza. Mangimeza wa kawaida hukawiza barua za watu. Huyu wa kuitikia huwaua.

Wapo watakaodhani kwamba maneno hayo yametiwa chumvi. Basi na wautazame mfano kutoka mahali ambapo utii unasifiwa kuliko mahali pengine popote, yaani jeshini, na kutoka katika chombo kisichosamehe uongo hata kidogo, yaani glaida.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa kwa kamba na ndege nyingine hadi kimo fulani, kisha kamba hufunguliwa, na tangu hapo chombo hushuka tu. Rubani wa ndege yenye injini akiona kwamba amekosea kutua, huongeza moto, akapaa, akazunguka, akaja tena. Rubani wa glaida hana nafasi hiyo. Akija chini mno ataangukia miti au maji yaliyo mbele ya uwanja. Akija juu mno ataupita uwanja na kujibamiza ng'ambo yake. Kwa ajili hiyo elimu yote ya glaida ni elimu ya kutua, na kila saa ya mafunzo iliyopunjwa hudaiwa siku ya kutua, tena hulipwa mara moja na yote.

Katika miezi ya kwanza ya 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa Afrika ya Kaskazini yakijiandaa kukivamia kisiwa cha Sicily. Mkuu wa Divisheni ya Kwanza ya askari wa anga wa Uingereza, Meja Jenerali George Hopkinson, alikuwa na mpango wake alioupenda sana: askari wake wavuke bahari usiku kwa glaida, watue karibu na mji wa Siracusa, na kuliteka daraja la Ponte Grande kabla ya mapambazuko. Mpango huo alikwisha kuupatia kibali cha Jenerali Bernard Montgomery. Ndipo akamwita Luteni Kanali George Chatterton, mkuu wa marubani wa glaida, akamwonyesha picha za mahali pa kutua.

Chatterton alizitazama picha zile kwa jicho la rubani. Aliona mawe, kuta za mashamba na ufuko wenye majabali. Alijua pia mambo ambayo hayakuonekana pichani. Vijana wake walikuwa wamekaa miezi mingi bila kuruka vya kutosha, na hawakuwa wamezoea kutua usiku. Zaidi ya hayo, glaida nyingi ambazo wangepewa ni aina ya Waco ya Marekani, chombo wasichokijua. Akasema kwamba jambo hili ni la hatari mno. Jibu alilopewa halikuhusu mawe wala usiku. Aliambiwa achague: ama aukubali mpango, ama avuliwe madaraka na mwingine ashike nafasi yake, naye akapewa nusu saa ya kufikiri.

Katika nusu saa hiyo Chatterton alifanya ambalo watumishi wengi waaminifu wangelifanya. Alijiambia kwamba akiondoka, vijana wake wataongozwa na mtu asiyewajua, na safari itakuwapo vilevile. Akarudi, akasema ndiyo. Si haki kumwita mwoga, kwa kuwa alikwenda nao mwenyewe. Lakini na ieleweke kwamba tangu dakika ile ajali ilikuwa imekwisha kutokea. Kilichobaki kilikuwa ni kuvisubiri vyombo na tarehe.

Vyombo vilifika vikiwa ndani ya makasha, na marubani wenyewe wakashiriki kuviunga. Muda uliobaki wa mafunzo ulikuwa wa kusikitisha. Kila rubani wa Kiingereza alipata kuirusha Waco kwa wastani wa chini ya saa tano, na katika hizo, za usiku zilikuwa kama saa moja na dakika chache. Mwalimu yeyote anaweza kupima uzito wa hesabu hiyo. Hakuna shule inayompa mtoto kalamu Jumatatu na kumfanyisha mtihani wa mwisho Jumanne, tena gizani. Hata hivyo katika karatasi marubani hao walihesabiwa kuwa wamefundishwa, kwa sababu tarehe ilikwisha kupangwa na wakubwa walikwisha kutia saini.

Usiku wa 9 Julai 1943 glaida 144 zilivutwa kutoka Tunisia zikiwa na askari zaidi ya 2,000. Upepo ulikuwa mkali kuliko ulivyokadiriwa, nao uliwajia usoni. Ndege za kuvuta zilikuwa zimeagizwa zisiikaribie sana pwani yenye mizinga, na marubani wake wengi nao walikuwa wageni wa kazi hiyo ya usiku. Kamba zikafunguliwa mbali mno na nchi kavu. Glaida 65 zilitua baharini, na watu wapatao 252 walikufa maji. Nyingine zilitawanyika juu ya kuta na miti kama Chatterton alivyohofia, na ni takriban 12 tu zilizotua mahali palipokusudiwa au karibu napo. Katika jeshi lote lile, waliofika darajani walikuwa 87.

Waliotumbukia baharini ni pamoja na Chatterton, aliyeogelea hadi ufukweni. Alitumbukia pia Hopkinson mwenyewe. Jenerali aliyetoa nusu saa ya kusema ndiyo aliokotwa na manowari akiwa ameng'ang'ania mabaki ya glaida yake. Wengi wa wale 252 hawakuwa na cheo cha kuulizwa maoni, hata kwa nusu saa.

Hapa watetezi wa kuitikia husimama na hoja yao kuu, nayo ni nidhamu. Husema kwamba jeshi ni amri, na Serikali nayo ni amri. Kila askari akipewa ruhusa ya kubisha hakuna vita vitakavyopiganwa, na kila karani akibisha hakuna barabara itakayojengwa. Hoja hii ina sura ya busara, na ndiyo maana imedumu. Lakini historia hiyohiyo ya glaida imeivunja chini ya mwaka mmoja baada ya Sicily.

Mwishoni mwa Mei 1944 majeshi ya Washirika yalikuwa yanajiandaa kuvuka kwenda Normandy, Ufaransa. Mkuu wa majeshi ya anga katika safari hiyo, Trafford Leigh-Mallory, alimwendea Jenerali Dwight Eisenhower akamwambia wazi kwamba divisheni mbili za Marekani za askari wa anga zisipelekwe. Alikadiria kwamba asilimia 70 ya glaida zingepotea. Hii ilikuwa habari mbaya kuliko ile ya Chatterton, na ililetwa siku chache tu kabla ya safari. Eisenhower hakumpa Leigh-Mallory nusu saa ya kuchagua kati ya cheo chake na ukweli wake. Alimtaka ayaandike maoni yake katika barua. Kisha akajitenga peke yake, akayapima, akaona kwamba bila divisheni hizo uvamizi mzima wa upande ule ungekuwa hatarini, akaamua ziende. Jibu alilitoa kwa maandishi pia. Na kabla ya uvamizi kuanza aliandika karatasi nyingine fupi ya kutangazwa endapo mambo yangeharibika, akisema ndani yake kwamba lawama yote ni yake.

Ikumbukwe kwamba hapana ya Leigh-Mallory ilikuwa na kosa. Hasara haikufikia kadirio lake, naye akakiri hivyo baadaye. Wala hakuadhibiwa kwa kukosea. Hapo ndipo hoja ya nidhamu inapoanguka. Mtaalamu hapewi haki ya kusema hapana kwa sharti kwamba hatakosea kamwe. Huipewa kwa sababu mkubwa hawezi kujua ni hapana ipi iliyo ya kweli mpaka azisikie zote. Eisenhower alibisha, akaamua, na amri yake ikatiiwa kikamilifu. Vita vilipiganwa.

Na usiku huohuo wa kuamkia 6 Juni 1944 ulionekana upande wa pili wa somo. Glaida 6 aina ya Horsa zilipelekwa kuyateka madaraja mawili, la mfereji wa Caen na la mto Orne. Safari hii marubani walikuwa wamefundishwa kwa miezi. Walianza mchana, wakafuatia mchana wakiwa wamevaa miwani ya giza ili jua lionekane kama mbalamwezi, kisha usiku wenyewe, tena na tena juu ya mahali palipotengenezwa pafanane na pale pa kutua. Glaida 3 zilitua kando ya daraja la mfereji, ya kwanza ikiwa umbali wa mita 50 hivi tu kutoka darajani. Mbili zilitua jirani na daraja la mto. Moja ilipotelea mbali, kwani hata mafunzo mema hayaondoi kila bahati mbaya. Marubani wa usiku ule walikuwa wa jeshi lilelile la glaida lililozama Sicily. Tofauti kubwa ilikuwa saa walizopewa za kujifunza kutua.

Msomaji wa Dodoma anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na vita vyao. La hasha. Mwendo wa kilomita zipatazo 90 tu mashariki ya mji wake ipo Kongwa, ambako mpango mzima uliangaliwa kutoka angani na kisha ukatua vibaya kuliko glaida yoyote.

Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kuchunguza mahali pa kulima karanga katika Tanganyika na nchi za jirani. Ujumbe ulizunguka kwa wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo waliiona wakiwa ndani ya ndege. Kutoka juu, Ugogo ni nchi ya kuvutia: tambarare pana, vichaka, mibuyu, watu wachache. Taarifa ikaandikwa kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zinaweza kulimwa kwa mitambo. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa.

Jambo ambalo ndege haikuonyesha ni mvua. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, na msimu huo una desturi ya kukatika katikati bila kuaga. Hili halikuwa siri. Mzee yeyote wa Kigogo aliyekuwa na umri wa miaka 40 wakati ule aliikumbuka njaa ya Mtunya, iliyoangamiza watu kwa maelfu mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Nchi iliyoipa njaa jina lake maalumu ilikuwa imekwisha kuandika taarifa yake ya hali ya hewa. Haikuandikwa kwa Kiingereza tu. Wala ndege haikuonyesha kwamba udongo ule mwekundu, unaolainika masika, hukauka kiangazi ukawa kama saruji, ukalika majembe ya matrekta na kuzifungia karanga ardhini zisichimbike.

Waliokuja kuitawala kazi hiyo walikuwa na mwendo wa kijeshi. Wafanyakazi wengi wa Kizungu walikuwa askari walioachishwa vitani, uwandani pakawekwa Meja Jenerali Desmond Harrison, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kwa kugeuza vifaru vya Sherman. Kadiri habari mbaya zilivyozidi ndivyo hamasa ilivyoongezwa. London ilitaka ekari, nazo ekari zikatafutwa. Aliyesema kwamba ekari bila mvua ni vumbi alionekana mtu wa kukatisha tamaa. Kufikia Januari 1951, Serikali ya Uingereza ilipoufunga mpango huo, fedha zilizokuwa zimetumika zilikuwa takriban pauni milioni 36. Hesabu ambayo Wagogo waliicheka ilikuwa fupi zaidi: karanga zilizovunwa katika miaka ya mwanzo zilikuwa pungufu kuliko mbegu zilizonunuliwa.

Ardhi haikuwa na kosa. Kongwa ileile baadaye ikawapa makao wapigania uhuru wa FRELIMO, wa ANC na wa SWAPO, na sehemu ya mashamba ya karanga ikawa ranchi ya ng'ombe. Yaani baada ya mamilioni yote yale ilirudishwa katika kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya tangu zamani bila kuhitaji ujumbe wa wiki 9.

Kosa la Kongwa na kosa la Sicily ni moja. Mahali pote pawili aliyekuwapo chini alijua, na aliyekuwapo juu hakutaka kujua. Isemwe pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba ukoloni haukuondoka na tabia hiyo katika sanduku lake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa wanaowaongoza. Karipio hilo lisingeandikwa kama ugonjwa usingekuwapo. Limesomwa vyuoni, limefanyiwa mitihani, na watu wamelifaulu vizuri sana mtihanini.

Dodoma ya leo ndiyo mahali ambapo ugonjwa huu unaweza kuleta madhara makubwa kuliko popote. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko kwa dhati, na Bunge kuupitisha mwaka 2018 uamuzi wa makao makuu kuwa sheria, madokezo ya nchi nzima yanaishia katika majengo ya uwanda huo. Humo huamuliwa madaraja yatakayobeba mabasi, dawa zitakazomezwa, na viwanja vitakavyopokea ndege. Dokezo hupanda kutoka kwa ofisa hadi kwa mkuu wa sehemu, kutoka hapo hadi kwa mkurugenzi, na katika kila ngazi hupigwa randa kidogo. Ofisa aliandika kwamba udongo haufai. Mkuu wa sehemu akaandika kwamba udongo una changamoto. Mkurugenzi akaandika kwamba changamoto zinashughulikiwa. Linapofika mezani kwa anayeamua, udongo umekuwa mzuri. Hakuna mtu mmoja katika safu hiyo anayeweza kuitwa mwongo, na uongo umekamilika.

Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, nayo ni sheria njema. Lakini mhandisi aliye kikaoni hana mhalifu wa kumtaja. Ana kadirio tu, na mkubwa mwenye haraka. Kwake ulinzi haumo katika mahakama; umo katika uso wa mwenyekiti. Uso ukikunjamana, kadirio litakunjwa pia.

Na uso huo watu huanza kuusoma wangali wadogo. Mwalimu ameandika ubaoni kwamba 7 mara 8 ni 54. Mtoto mmoja dawati la nyuma ameona. Ananyosha kidole, anaambiwa aache utundu, pengine anapigwa kwa kumwaibisha mkubwa mbele ya darasa. Wenzake 60 wanajifunza hapo somo ambalo halimo katika muhtasari: kwamba jibu sahihi ni lile la mwenye chaki. Miaka 20 baadaye mmoja wao ni fundi wa reli, mwingine ni mkaguzi wa majengo, mwingine ndiye mthibiti ubora wa shule anayekagua choo chenye ufa na kuandika kwamba hali inaridhisha. Mwalimu anayesema "umesema kweli, ni 56, njoo uandike" amefanya kazi ya usalama kuliko mabango yote yanayobandikwa katika Wiki ya Usalama Barabarani.

Watumishi wa Dodoma hawahitaji semina nyingine kwa ajili ya jambo hili, wala posho ya semina. Dokezo lolote linaloomba kibali cha kazi inayogusa maisha ya watu liwe na mahali pa kuandika pingamizi la mtaalamu kwa maneno yake mwenyewe, yasiyopigwa randa, na jina lake chini. Anayeamua awe huru kulikataa pingamizi hilo, kama Eisenhower alivyolikataa lile la Leigh-Mallory, ila aandike sababu na atie saini yake papo hapo chini yake, na karatasi ibaki jaladani masijala. Wakubwa watakaolalamika kwamba utaratibu huo utawachelewesha waulizwe ni kazi ngapi zilizocheleweshwa na pingamizi, na ngapi zilizobomolewa na kujengwa upya kwa kukosa pingamizi.

Barua ya Leigh-Mallory na jibu lake vilikaa kwa maandishi, na kila mtu anaweza kupima nani aliona mbali. Pingamizi la Chatterton lilitolewa kwa mdomo mbele ya meza ya mkubwa. Limejulikana kwa kuwa mwenyewe aliweza kuogelea hadi ufukweni, akaishi, akalisimulia.